Mpaka Kijana Afike

Mimi ni muuguzi hapa Kamina, na sehemu ya kazi yangu ni kuzunguka shule za sekondari nikiwaeleza wasichana namna ya kujikinga na mimba. Wenzangu wa kituo cha afya hawaipendi kazi hiyo, kwa hiyo hunitupia mimi. Naingia darasani na kikapu changu, naonyesha vidonge, sindano, na kapoti, yaani kondomu. Walio nyuma wanacheka, walio mbele wanainamisha vichwa, na mwalimu anakumbuka ghafla kwamba amesahau kitu nje. Mwishoni nasema maneno ambayo nimeyarudia mpaka hayana ladha tena mdomoni mwangu: mimba si mwisho wa shule, na msichana aliyepata tatizo asijifiche, aje kwangu. Nilikuwa na maana aje kituoni, saa za kazi, akae kwenye foleni kama watu wengine. Sikuwahi kufikiri kwamba mmoja angekuja nyumbani na mkeka.

Ilikuwa Jumamosi mchana, katikati ya majira ya mvua. Nilikuwa mbele ya nyumba yetu, kwenye kambi ya wafanyakazi wa reli, nikichambua maharagi. Mume wangu alikuwa amelala. Alikuwa ametoka zamu. Nikaona watu wanakuja kwa miguu wakifuatana, hawasemi. Mwanamume mmoja alikuwa anasukuma baiskeli yenye mkeka, beseni na begi, na katikati yao msichana aliyejifunika kikwembe kichwani. Kabla hawajafika kwetu majirani walikuwa wameshageuza viti vyao ili waone vizuri.

Kila mtu wa Kamina anajua msafara wa namna hiyo. Binti akipata mimba, watu wa kwao hawakai naye. Wanamwuliza ni ya nani, akishataja wanampeleka kwa huyo mwenye mimba na kumwacha hapo pamoja na vitu vyake. Hawaingii ndani, hawanywi maji. Nanyi mlioletewa hamna ruhusa ya kumrudisha mpaka familia mbili zikae na kuzungumza. Mkimfukuza, akapatwa na jambo njiani, ni juu yenu. Nimeona misafara hiyo mingi ikipita, na kila mara nilijiambia maskini wale watu. Siku hiyo maskini alikuwa mimi.

Aliyesema ni shangazi wa msichana, mwanamke mwembamba wa sauti ya taratibu.

"Mama, jambo yenu. Tunawaletea muzigo yenu. Mimba ya huyu mutoto iko ya kijana wenu."

"Kijana wetu gani? Mwenye niko naye eko Lubumbashi, anasoma."

"Njo ule ule. Wakati ya vakansi alikuwa anafundisha batoto hesabu. Huyu alikuwa mu ile klase."

Wakaweka mkeka chini, wakaweka beseni juu yake, wakaondoka. Yule wa baiskeli alikuwa baba wa msichana. Ni mkulima wa pembeni ya mji, mtu wa misa ya asubuhi, na alikuwa anatazama matope ya viatu vyake muda wote. Mume wangu akatokea mlangoni na singlendi, macho yamevimba usingizi.

"Nani alikufa?"

"Hapana mutu alikufa," nikamwambia. "Banamuletea mutoto wako bibi."

Nilimpigia mwanangu simu jioni ileile. Akaapa kwamba msichana anamjua kwa sura tu, kwamba alikuwa anakaa dawati la mbele na kuuliza maswali mengi. Nilitaka kumwamini, lakini kwa kazi yangu nimewasikia akina mama wengi mno wakisema mwanangu hawezi. Mimi mwenyewe huwa nawatazama tu na kuendelea kuandika. Kwa hiyo nikampeleka msichana chumbani, nikamlaza, nikampima tumbo kwa mikono yangu. Hapo nikajua. Mwanangu alirudi Lubumbashi kabla ya mvua kuanza. Mimba hii ilianza mvua ikiwa imeshika kabisa.

"Kaa," nikamwambia. "Sasa unaniambia ya kweli. Iko ya nani?"

Akajifunga kikwembe vizuri kabla ya kujibu. Alikuwa na miaka kumi na saba, uso wa mtoto anayejua majibu darasani na amechoka kunyoosha mkono.

"Iko ya papa mumoja wa samaki. Anakuyaka na mizigo toka Mulongo. Akifika analala kwetu, mu chumba ya kupangisha."

"Eko na bibi?"

"Babiri."

"Na mutoto wangu alikukosea nini?"

"Hakunikosea kintu, mama." Sasa machozi yakaanza. "Banauliza tu: iko ya nani? Nikitaja ule papa, kesho yake niko mu pirogi, naenda kukausha samaki na bale babibi yake. Exetat iko mwezi ya saba. Minyi nikawaza nyumba. Nikawaza nyumba yote yenye najua. Yenu njo ilikuwa karibu na shule. Na weye ulisemaka mu klase, mwenye kupata tatizo akuye kwako."

Exetat ni mtihani wa Serikali, ule wa kumaliza sekondari. Asiyeufanya ni kama hakukaa shuleni hata siku moja. Nilimwelewa vizuri sana, na bado nilitamani kumzaba kofi. Ameliweka jina la mwanangu kwenye midomo ya mji mzima kwa sababu nyumba yetu iko karibu na shule! Nikasimama, nikaketi tena. Nikamwuliza kwa hasira lile swali ambalo watu wa afya tunapenda kuwauliza wasichana, tukijua halisaidii kitu.

"Ulinisikia darasani. Dawa niliwaonyesha. Juu ya nini haukukuya kutafuta?"

"Nilikuyaka."

"Wapi?"

"Kwenu, ku santre. Nikakuta pa benchi bamama ba korali ya paroasi, babiri, na mumoja ni rafiki ya mama yangu. Bakaniuliza nagonjwa nini. Nikasema kichwa. Wakati yangu ilifika, ule muganga akaniuliza, nikasema kichwa. Akanipatia parasetamoli."

Hao wanakwaya wa parokia nawajua. Benchi letu liko barazani, linaonekana mpaka barabarani, na kila anayepita anajua nani amekuja na amekaa muda gani. Mara ngapi nimeomba tupewe hata mlango wa nyuma kwa ajili ya vijana! Naambiwa subiri. Na wakati ninasubiri, msichana aliyekuja kutafuta kinga kwa miguu yake mwenyewe alirudi nyumbani na dawa ya kichwa.

Nilipomweleza mume wangu alitaka kumrudisha asubuhi. Sikumlaumu. Sisi watu wa reli tumekuja Kamina kutoka pande zote, babu zetu waliletwa na njia ya chuma, na wenyeji hawajaacha kutuhesabu kama wageni. Jina zuri ndilo tulilo nalo. Akasema anajua taabu za msichana huyo lakini hakuzianzisha yeye. Nikamwambia mimi pia sikuzianzisha, na kwamba akimrudisha, wiki ijayo atakuwa kwenye mtumbwi. Akanyamaza. Mume wangu akinyamaza huwa anafikiri, na haifai kumsukuma.

Jumapili baba wa msichana alirudi na dada yake, huyo shangazi, ili tuseme kama tunaikubali mimba au tunaikataa. Nikatoa simu, nikasema tumpigie kijana sasa hivi, awajibu mwenyewe. Sijui nilikuwa nataka nini. Nadhani nilitaka jambo liishe tu. Baba akausukuma mkono wangu.

"Telefone haina macho," akasema. "Kwetu, kijana mwenye mimba anasimama mbele ya bantu. Anamuangalia mutoto mu macho, njo anajibu. Akikataa, anakatalia pale."

Hapo mume wangu akakohoa.

"Papa, unasema ya kweli. Basi tungoje kijana afike. Atapanda treni. Mpaka afike, mutoto anabaki kwetu, hapana mutu wa kumuondosha."

"Na akikawia?"

"Treni njo treni," akasema mume wangu.

Nilimtazama kama ninayemwona kwa mara ya kwanza. Mtu huyu amefanya kazi kwenye reli tangu ujana. Majirani wakiisema vibaya treni anagombana nao. Hata ilipochelewa siku nyingi, yeye alikuwa anasema imechelewa kidogo. Na sasa alikuwa ameichukua ile sheria ya wale watu, ya kujibu ana kwa ana, na kuifunga kwenye treni ambayo kila mtu anajua mwendo wake. Hakuwa amekataa mimba wala kuikubali. Msichana aliyeachwa mlangoni hawezi kuondoka kabla kijana hajajibu, na kijana hawezi kujibu kabla hajafika. Kilichobaki kilikuwa kumzuia asifike mpaka mtihani upite.

Kazi hiyo ya kumzuia niliachiwa mimi. Mwanangu alikuwa na hamu ya kuja kwa Pasaka, tena alitaka kuja haraka ili asimame mbele ya watu ajisafishe. Nikamwambia asije.

"Mama, muko munanifukuza nyumbani juu ya mutoto wa bantu?"

"Sikufukuzi. Nakuomba ungoje."

"Na jina yangu? Bandugu banaandika mpaka huku, banasema niko na mimba Kamina, nimekimbia."

Nikamwambia atulie, nikamwambia na mengine ya kinamama yasiyo na kichwa wala miguu. Alikata simu. Pasaka ilipita bila yeye, na siku ile nilipika wali na kuku kama kawaida, nikashindwa kula.

Baba wa msichana alikuwa akipita kila alipokuja sokoni. Anasimama nje, hakai.

"Kijana?"

"Treni imekwama Bukama," mume wangu anajibu.

Mara ya kwanza ilikuwa kweli. Baadaye ilikuwa imekwama mahali popote palipomjia kinywani, na sababu zikawa nyingi: kichwa cha treni kimekufa, mataruma ya reli yameoza, wanangoja vipuri. Siku moja mzee akauliza kwa upole, kwa nini kijana asipande kamyo, yaani lori, kama watu wengine.

"Mutoto wa reli hapandi kamyo," mume wangu akasema, na sauti ilikuwa ya mtu aliyetukanwa.

Alipoingia ndani alikaa kitandani akavua viatu polepole. Akaniambia kwamba maisha yake yote watu walikuwa wanaisema uongo treni na yeye anaitetea, sasa yeye ndiye anayeisema. Nilicheka, naye akacheka, lakini tulikuwa tumechoka wote wawili. Kanisani walikuwa wamemwondoa kwenye kamati mpaka jambo la kijana lijulikane. Hakulalamika. Alihama tu kutoka benchi la mbele na kwenda kukaa karibu na mlango.

Msichana alikuwa akiamka mapema, anachota maji, anafagia, kisha anasoma. Prefe wa shule, yaani mkuu wake, alikuwa amekwisha kumwandikisha kwa mtihani kabla tumbo halijaonekana, na lilipoonekana alijitia hamnazo. Alimwambia tu awe anakaa nyuma, avae sweta. Hata penye jua kali alivaa sweta. Wenzake hawakumcheka sana. Alikuwa anawasaidia hesabu, na mtihani ulikuwa karibu. Mimi nilikuwa simpendi, kisha nikawa nimemzoea, kisha nikajikuta namwekea nyama ya kwake pembeni. Sikupanga hivyo. Ukila na mtu bukari, ugali wetu, kila siku, hasira inakosa mahali pa kukaa.

Mwezi wa sita shangazi akaja peke yake na majani ya muhogo. Akamtazama msichana akipita na ndoo. Nikaona vidole vyake vinacheza juu ya goti, kimoja baada ya kingine, na nikajua anahesabu miezi. Kama mimba ilikuwa ya wakati wa likizo, mtoto alipaswa kuwa amezaliwa au anazaliwa kesho. Tumbo lilikuwa bado.

"Hii tumbo inakawia, mama," akasema.

"Ya kwanza inakawiaka," nikamjibu. Muuguzi mzima.

Vidole vyake vikaacha kuhesabu. Nilikuwa na hakika atasimama na kwenda kumwaga kila kitu kwa kaka yake. Akauliza tu mtihani ni lini. Nikamwambia. Akachukua kapu lake tupu, akaenda, na hakurudi mpaka mtihani ulipokwisha.

Aliufanya wote. Siku ya mwisho alirudi na miguu iliyovimba, akalala mpaka kesho yake. Nikampigia mwanangu, nikamwambia sasa aje. Alikuja na kamyo, vumbi mpaka kwenye kope. Alinisalimu kama anavyomsalimu mama wa mtu mwingine. Siku zile zile msichana akajifungua, kituoni kwetu, mtoto wa kike mwenye sauti kubwa. Mwanangu hakwenda kumwona, na sikumwomba aende.

Kikao kilifanyika uani kwetu. Mwanangu alisimama, akamwangalia msichana machoni kama desturi inavyotaka, akasema mimba haikuwa yake. Nilikuwa tayari kwa kelele. Hazikutokea. Msichana alikuwa ameshika mtoto, akasema mwenyewe, "Anasema ya kweli. Nilidanganya." Akamtaja mchuuzi wa samaki.

Baba yake akafunika uso kwa kofia yake. Ndani ya nyumba yake mwenyewe, chumba alichokipangisha ili apate ya kununulia mbolea! Alipoiondoa kofia alikuwa amezeeka.

Mume wangu akasema, "Papa, mutoto anaweza kubaki. Sisi tunamuzoea."

"Anabaki kama nani?" mzee akauliza.

Hakuuliza kwa ukali. Alikuwa anataka kujua kweli. Si mkwe wetu, si ndugu yetu, si mtumishi. Na mtoto mchanga mgongoni, baba wa mtoto anajulikana. Nilitafuta neno. Nimesema maneno mengi sana madarasani, lakini hilo moja sikuwa nalo, na mume wangu hakuwa nalo. Shangazi alikuwa ameanza kukunja mkeka. Msichana akanipigia magoti kunishukuru, nikamwinua haraka, nikamsaidia kumfunga mtoto mgongoni. Waliondoka kwa mwendo uleule waliokuja nao, mmoja zaidi mgongoni. Wiki iliyofuata niliambiwa wamemfikisha Mulongo.

Matokeo yalipotoka, alikuwa amefaulu, na kwa alama nzuri. Nilimpigia kwenye namba aliyoniachia, simu haikuita. Niliandika ujumbe. Mpaka leo sijui kama aliusoma. Mwanangu alirudi Lubumbashi. Siku hizi anapiga simu kwa baba yake, na baba yake ndiye anayenipa salamu.

Shule zilipofunguliwa nilichukua kikapu changu kama kila mwaka. Sikuwa na moyo, lakini nani mwingine angekwenda? Niliingia darasa la wamalizaji, nikaonyesha vidonge, sindano, kapoti. Walio nyuma walicheka. Nilisema yote, ila mwishoni sikuwaambia waje kwangu. Niliwaambia tunashughulikia mlango wa nyuma kule kituoni, wavumilie. Nikaanza kukusanya vitu.

Darasa lilipotoka msichana mmoja alibaki. Alikuwa mdogo wa umbo, amevaa sweta, na nje jua lilikuwa linachoma. Akangoja mpaka wenzake wote wameshuka ngazi, akasogea karibu na meza.

"Mama," akasema kwa sauti ya chini, "muko na kijana mwingine?"

Nilifikiri amekosa adabu. Kisha nikaona jinsi alivyokuwa ananitazama, na nikaelewa kwamba mambo ya nyumba yetu yamezunguka shule nzima, na kwamba humu darasani hayasimuliwi kama aibu. Nikamwambia sina, ni yule mmoja tu. Akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeambiwa dukani kwamba chumvi imekwisha, akaanza kutafuta begi lake.

Nikafunga mlango wa darasa, nikavuta benchi, nikamwuliza ni miezi mingapi.